Hesabu ya Mbavu

Saa tisa za usiku, Budondo, umeme hakuna,
tochi nimeibana kwa meno.
Zabibu ameangusha mtoto juu ya majani makavu:
miguu mingi kuliko mwili,
masikio yamelowa kama soksi.

Sikushangilia. Nilitazama saa.
Dang'a ina mlango, alinifundisha Daktari Namutosi,
na mlango huo hufungwa.
Kabla jua halijapanda juu ya miwa ya Kakira
awe amesimama, amenyonya, amenyonya tena
yale maziwa ya njano yanayonata kidoleni,
ndimo mama alimoweka kila ugonjwa alioushinda.

Alianguka mara nne.
Ya tano akasimama, akatafuta titi
kwenye goti la mama, kwenye ndoo, kwenye tumbo langu mimi.
Nilipomsikia akimeza, ndipo nikaitema tochi.

Mwaka jana hatukutazama saa.
Mwaka jana tulimpa mtoto jina siku hiyohiyo, Waziri,
watoto wa Bwana Kyobe wakamfunga utepe shingoni.
Januari ile uwanja ulikuwa mwekundu, laini kama poda,
mama saba na watoto wao wakizunguka humo humo,
samadi ikikauka, ikisagwa kwa kwato, ikipanda hewani,
nasi tukisema, tazama wanavyopendeza!
Wageni walipiga picha.
Picha ile ndiyo ugonjwa wenyewe.

Hakukohoa. Hilo ndilo lisilonitoka.
Alinyonya, alicheza, alinenepa,
wiki ya tisa pua zikapanuka kama za anayenusa moshi,
mbavu zikaenda mbio, yeye amesimama.
Namutosi alipompasua alinionyesha mapafu.
Sitasema yalivyokuwa.
Nitasema tu yalikuwa mazito mkononi,
na pafu halipaswi kuwa zito.

Basi mwaka huu mimi ni mtu wa chepe.
Kabla ya chai, toroli. Samadi. Toroli tena,
hadi shimo la mbali, upande upepo unakokwenda.
Boma nimeligawa kwa nyaya, mama wawili wawili,
nyasi nimeziacha ziote zitakavyo.
Bwana Kyobe akauliza mbona mpira wa maji uko vumbini
na waridi zake zinanyauka getini.
Nikamwambia, mzee, waridi halina mapafu.
Hakucheka. Alinikata elfu kumi.
Kesho yake nilimwaga maji tena.
Wiki iliyofuata nikamkuta yeye mwenyewe, suruali kaikunja,
akimwagia mahali nilipokwisha kumwagia.
Hatukusalimiana.

Daktari alileta utegili ndani ya barafu,
mfuko wa rangi ya asali nyepesi,
akautundika kwenye msumari wa hatamu
ukadondoka, tone, tone, shingoni mwa mtoto.
"Hii si ahadi," alisema. "Ni mwavuli.
Mvua huweza kuja kwa ubavu."
Nikauliza, na zile sindano, tusimchome mapema tu?
"Dawa ni ya mgonjwa, Yeko.
Mdudu ukimwonjesha kila siku,
siku ya haja atakuwa ameizoea."

Nina daftari la mistari, la shule, jalada limeliwa na mbuzi.
Kila asubuhi joto: thelathini na nane, nukta tatu.
Thelathini na nane, nukta tano. Nukta tano tena.
Usiku wa nukta tisa nililala bandani na viatu miguuni;
kulipokucha ilikuwa nne, nikajiona mjinga,
nikaandika hata ujinga huo.

Leo siku ya themanini na nne.
Bado sijampa jina. Watoto wa Kyobe humwita Wewe.
Nimepiga goti, jicho kwenye ubavu, saa mkononi,
ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na...
ameondoka. Kaona kipepeo, au hakuona kitu,
amekimbia tu kwenye nyasi zenye maji,
nami nyuma ya kwato zake natafuta vumbi.

Nitaanza upya akisimama.
Moja.